Magari Yanayowaka Tu

Pikapu ya Bi Opal Rademacher ilikohoa mara mbili, ikatoa moshi mweusi, kisha ikaanza kunguruma sawasawa. Verlin Stauffer hakuinua kichwa. Aliweka kiganja juu ya injini akakiacha hapo, kama mtu anayempima mtoto homa, mpaka aliporidhika. Halafu akaizima, akafuta mikono, akatoka ghalani.

Bi Opal alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja karibu na mlango, jagi la chai ya barafu miguuni. Alikuwa mjane wa miaka sabini na nane, na pikapu ile ilikuwa ya marehemu mumewe, Harold. Tangu azikwe haikuwahi kuwaka, ingawa kila mwaka Bi Opal aliilipia bima na namba, kwa sababu marehemu ndivyo alivyokuwa akifanya. Tangu theluji ilipoyeyuka Verlin alikuwa akija kila Jumamosi baada ya kazi. Alikuwa amebadilisha pampu ya mafuta, ameshusha giaboksi na kuipandisha tena, na vipuri alinunua kwa pesa yake.

Walikuwa wamepatana mlangoni mwa kanisa, watu wakitoka. Verlin akiiponya, ataichukua kwa dola mia sita, atakazolipa mwisho wa Agosti. Wakashikana mikono. Pale Tipley, katika jimbo la Indiana, mtu ambaye angedai karatasi baada ya kushikana mikono na mjane wa kanisa lake angesemwa hadi siku ya mazishi yake.

Gari lenyewe lingekuwa la Kelsey, binti wa pekee wa Verlin. Kelsey alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi Fort Lamar, mwendo wa maili thelathini na tano, na masomo ya wodini yalianza kabla jua halijachomoza vizuri. Basi halikuwepo. Nyumbani walikuwa na gari moja, ambalo alfajiri lilimpeleka mama yake, Nadine, kwenye jiko la shule alikopika, upande mwingine kabisa wa wilaya. Chuo kilikuwa kimeshasema wazi kwamba atakayekosa wiki ya kwanza, nafasi yake atapewa mwingine, na wanaosubiri ni wengi.

"Mwambie Kelsey asiikanyage mafuta kwa nguvu asubuhi kukiwa na baridi," Bi Opal alisema. "Harold hakuikanyaga hata siku moja."

Verlin alimwambia atamwambia. Akanywa glasi mbili za chai, akaenda zake kwa furaha, na pikapu akaiacha ghalani, maana hakuwa ameilipia bado.

Jioni moja wiki hiyo walikula mkate wa nyama, mahindi ya kuchemsha na nyanya za bustanini, runinga ikiwa wazi. Kilikuwa kiangazi cha kwanza cha rais mpya, na rais mpya alikuwa runingani.

"Rais wako amekuja tena kula na sisi," Verlin alimwambia Kelsey, akisogeza bakuli la mahindi ili aone vizuri.

"Mkaribishe basi, baba. Mama amepika ya kutosha."

Kelsey alikuwa amempigia kura mtu yule, kura yake ya kwanza maishani. Baba yake hakumpigia. Hakumchukia, na kila Jumapili alimwombea kama alivyowaombea wote waliomtangulia. Kilichomkera kilikuwa namna yake. Alizungumza vizuri mno, akisoma hotuba kwenye vile vioo vyake viwili vya maandishi, kioo cha kulia, kioo cha kushoto. Alikuwa runingani kila uchao, kana kwamba uchaguzi haujaisha. Kila wiki alikuja na jambo jipya kubwa la kuokoa watu, na aliyelipinga alionekana mara moja kuwa mtu asiyependa watu waokolewe. Na pesa yenyewe, Verlin alisema akipaka siagi, haikuwepo. Ilikopwa, na watakaoilipa ni watoto wa Kelsey ambao bado hawajazaliwa.

Kelsey alimkumbusha kwamba rais aliyetangulia ndiye aliyeanza kuwamwagia wenye mabenki pesa.

"Na huyo nilimkosoa."

"Ulimkosoa kwa sauti ndogo," Nadine alisema, na wote watatu wakacheka, Verlin wa mwisho.

Jambo jipya la wiki ile lilikuwa mpango wa magari. Mtu aliyekuwa na gari kuukuu linalokunywa mafuta angelipeleka kwa muuzaji, na serikali ingempa hadi dola elfu nne na mia tano za kununulia jipya. Lile kuukuu lazima liuawe. Watu walikuwa wameshaupa jina, mpango wa mikweche. Kelsey aliona ni jambo zuri. Viwanda vingepata kazi na hewa ingepata nafuu.

"Na yule ambaye uwezo wake ni wa mkweche tu," Verlin aliuliza, "yeye atanunua nini?"

 Kelsey alimsogezea baba yake chumvi.

Verlin alikuwa fundi wa gereji ya Royce Hammel, muuzaji wa magari mapya kando ya barabara kuu. Royce alikuwa mtunza hazina wa kanisa lao. Kwenye kifungua kinywa cha wanaume wa kanisa alikuwa amesema, uma mkononi, kwamba serikali inayowalipa watu wavunje vitu vyao ni serikali iliyochanganyikiwa, na wote wakaitikia. Jumatatu yake Verlin alikuta bango refu limetandazwa mbele ya duka, likiwakaribisha wananchi walete mikweche yao.

Hakumlaumu sana. Tangu mwaka uanze duka lilikuwa limeuza magari machache hata kutia aibu, na mafundi wawili walikuwa wamesimamishwa. Sasa watu walipanga foleni kuanzia asubuhi.

Kazi ya kuua ilikuwa rahisi kuifanya na ngumu kuizoea. Unamwaga oili yote. Mahali pa oili unatia dawa nyeupe nzito iliyotengenezwa kwa kemikali ya glasi. Unawasha, unaweka jiwe kwenye pedeli ya mafuta, unarudi nyuma. Injini inapiga kelele, ile dawa inaganda ndani kama kioo, vyuma vinasagana, na baada ya dakika chache inanoki na kunyamaza, na hakuna fundi duniani atakayeifufua. Siku za mwanzo mafundi waliwekeana dau, ipi itadumu zaidi. Wiki ya pili hakuna aliyetaka dau tena. Mengi yalikuwa magari ambayo Verlin mwenyewe alikuwa akiyahudumia kwa miaka. Aliyajua kwa vibandiko vya timu ya shule, kwa mikwaruzo ya milango, kwa harufu ya viti.

Alikuwa amelala chini ya gari jingine aliposikia pikapu ya Bi Opal ikiingia uani. Hakuhitaji kuiona. Alitoka akitabasamu, akidhani kikongwe kaja kumwonyesha jinsi inavyokwenda.

Kwenye usukani alikuwa Todd, mtoto wa Bi Opal aliyefanya kazi ya bima Indianapolis. Mama yake alikaa upande wa pili, mkoba magotini, mikono yote miwili juu ya mkoba.

"Bi Opal," Verlin alisema, "umekuja kuitembeza?"

Bi Opal aliutazama mkoba.

Todd alishuka akampa mkono, na Verlin akamwonyesha kwamba wake umejaa oili. Todd alisema ameamua mama asibaki na gari bovu kijijini, peke yake, katika umri ule. Serikali ilikuwa inatoa pesa nzuri, na kuiacha ingekuwa ujinga. Aliyasema kwa upole, mtu aliyezoea kuwaeleza watu mambo yenye faida kwao.

"Na nakushukuru sana, Bwana Stauffer. Bila wewe wasingeipokea. Wanapokea yanayowaka tu."

Verlin alisimama pale na kitambaa chake. Mafundi wengine walikuwa wameacha kazi na wanasikiliza, kila mmoja akijifanya anatafuta spana. Wote walijua habari ya pikapu na Kelsey.

"Vipuri vilikugharimu kiasi gani?" Todd alitoa pochi. "Sema tu."

"Weka."

"Hapana, haki ni haki."

"Weka pochi yako, Todd."

Bi Opal alisaini mahali alipoonyeshwa. Alipewa gari dogo la buluu, lenye mkopo wa miaka mitano, mkopo wa kwanza maishani mwake. Akatoka uani akiendesha taratibu, akiwa ameinamia usukani, wala hakuitazama gereji.

Verlin alimfuata Royce ofisini, akamwomba auvunje mkataba. Royce alisema taarifa zimeshapelekwa, na kuchezea mambo ya serikali ni kesi. Alisema si yeye aliyempa Todd wazo lile. Halafu akasema, bila kumtazama, kwamba pikapu iko mbele ya foleni, aimalize kabla ya kufunga.

"Hii siimwagii dawa," Verlin alisema. "Wala nyingine yoyote kuanzia leo."

"Verlin, nina watu kumi na mmoja wanaokula kwa mpango huu. Wewe mmojawapo."

"Ulisema wewe mwenyewe kanisani kwamba huku ni kuchanganyikiwa."

"Nilisema. Na bado nasema." Royce alijipangusa uso. "Lakini Ijumaa watu wanataka mshahara wao, na wewe hunipi pesa nyingine ya kuwalipa."

Verlin alikitia kitambaa chake mfukoni. Alisema tu kwamba hatafanya. Royce, ambaye hakuwa mtu mbaya na alikuwa akisikilizwa na ofisi nzima, akamwambia aende nyumbani bila mshahara mpaka mpango utakapokwisha, ndipo waongee.

Alipofika kando ya barabara alisikia pikapu ikiwashwa. Dell, mwenzake, ndiye aliyepewa kazi. Verlin alisimama. Injini ililia kwa sauti ya juu, ikaendelea kulia, na kila alipodhani imefika mwisho ilijikusanya tena. Alikuwa ameitengeneza vizuri, kwa hiyo ilichelewa kufa. Watu waliopita na magari yao walimtazama mzee aliyevaa ovaroli, amesimama jua kali, kofia mkononi. Iliponyamaza akaivaa kofia, akaanza kutembea.

Nadine alikuwa akimenya nyanya za kuhifadhi kwenye chupa kwa ajili ya majira ya baridi. Meza nzima ilikuwa nyekundu. Alisikiliza habari yote bila kuacha kumenya.

"Na huo msimamo wako," alisema mwishoni, "tutauchemsha au tutaukaanga?"

Verlin aliivua kofia akaiweka juu ya kiti.

"Na pesa ya vipuri alipokupa, ukakataa."

"Nilikataa."

"Mia tatu na kitu, Verlin. Pesa zetu. Mtu anakurudishia pesa zako mwenyewe, wewe unamwambia weka." Alitupa maganda kwenye ndoo. Alimwambia kwamba ada ya nusu ya kwanza wameshailipa na hairudishwi, kwamba mshahara wa jiko la shule unatosha umeme na chakula basi, na kwamba mwanamume mwenye akili anagoma akiwa na akiba. Kisha akashika nyanya nyingine, akaitazama kwa muda.

"Ningesikia umeimwagia ile dawa, nisingekaa meza moja na wewe," alisema. "Lakini nimekasirika, na nitakasirika wiki nzima, kwa hiyo usinisemeshe."

Kelsey, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema anaweza kuahirisha. Angefanya kazi mwaka mmoja dukani, mwakani aombe tena.

"Hutaahirisha," baba na mama walisema kwa pamoja, halafu wakatazamana, maana walikuwa hawasemezani.

Kilichobaki kilikuwa kutafuta gari jingine. Verlin aliulizia kila mahali alipojua. Magari ya bei yao yalikuwa yamekwisha. Yaliyokuwa yakiuzwa dola mia sita majira ya baridi yalikuwa yamelala uani kwa Royce na wengine kama Royce, injini zao zimegeuka kioo, na machache yaliyobaki wenyewe walikuwa wamepandisha bei maradufu. Mtu mmoja alimwambia anauza elfu mbili na hapunguzi, kisha akaongeza, kwa utani, kwamba amlaumu rais wake. Verlin alimjibu kwamba si wake peke yake.

Wiki hiyo mbunge wa eneo lao, aliyeupigia kura mpango ule, alikuja kukutana na wananchi kwenye ukumbi wa mpira wa shule. Verlin hakuwahi kusema neno hadharani, hata kanisani alikuwa wa kubeba viti. Lakini alivaa shati la Jumapili, akaenda na Nadine. Ukumbi ulijaa hadi milangoni. Watu walikuwa na mabango, na wengi walikuwa wamekuja na hasira ambazo walikuwa nazo tangu baridi, za mabenki, za hospitali, za kodi, za kuonekana wajinga na watu wa mijini.

Alipopewa kipaza sauti, msaidizi wa mbunge, kijana wa tai nyembamba, alimnong'oneza kwamba ana nusu dakika.

"Nilitengeneza gari la mjane," Verlin alisema. "Lilikuwa zima. Serikali ikalipa liuawe. Binti yangu alikuwa alitegemee kwenda kusomea kuuguza watu. Nauliza, huyo aliyeamua kwamba gari zima ni takataka, katika maisha yake amewahi kuhitaji..."

Nyuma yake mtu alimpigia mbunge kelele kwamba ni mwongo na mwizi. Mwingine akadakia, na ukumbi mzima ukalipuka. Mbunge aliinua mikono akaanza kutaja takwimu za magari yaliyouzwa, na hakuna aliyezisikia. Kipaza sauti kilikuwa kimeshachukuliwa. Kijana wa tai alimshukuru Verlin kwa mchango wake.

Nje, mwanamume mmoja aliyebeba bango alimpiga begani, akamwambia amewapa vidonge vyao.

"Hawakunisikia nilichosema," Verlin alijibu.

"Hata sisi hatukukusikia, kaka. Lakini tulikuunga mkono."

Kwenye gari Nadine ndiye aliyevunja ule mgomo wake wa kutosema. Alimwambia kwamba yeye alimsikia, kila neno, na kwamba hakutetemeka kama alivyohofia. Verlin alisema alitetemeka, ila miguu.

Bi Opal alikuja Jumapili mchana. Gari la buluu lilisimama barabarani, halikuingia uani, na likakaa pale muda mrefu mpaka Nadine alipovua aproni akaenda kumgongea kioo. Alimleta jikoni akiwa amemshika mkono. Kikongwe alikataa kiti, akakataa pai, akasema alichokuja kusema akiwa amesimama.

Alisema Todd ana akili na anampenda, na kwamba alipoanza kumweleza, kila kitu kilionekana sawa, na yeye hakujua pa kuingilia. Alisema kwenye banda la nyuma kuna vani ya Harold, ile aliyokuwa akiwabebea vijana wa kanisa. Haijawaka kwa miaka. Todd aliizunguka akaiacha.

"Serikali haiitaki kwa sababu imekufa," Bi Opal alisema. "Nikaona labda nyie mnaitaka. Sitaki pesa."

Verlin alitazama sakafu. Nadine alimtazama Verlin.

"Pesa nitakulipa, kidogo kidogo," Verlin alisema. "Lakini kabla sijaigusa, Bi Opal, nitaomba kadi ya gari."

 Tangu azaliwe hakuwahi kumwambia mtu wa kanisa lake maneno kama yale, na aliyasema kwa shida, kama mtu anayetema jino.

"Najua," Bi Opal alisema. Alifungua mkoba akatoa kadi ya vani. "Nimeshasaini."

Ilikuwa na jina la Verlin, limeandikwa kwa mwandiko wa wazee, kubwa na lenye kutetemeka. Verlin angefurahi zaidi kama Bi Opal angesahau kuileta, akamkasirikia kidogo na kumuuliza yeye ni mtu wa namna gani. Aliipokea kwa mikono miwili. Ndipo Bi Opal akakubali kukaa, akala pai, na hakuna aliyelizungumzia tena.

Vani ilihitaji injini ishushwe, na kazi hiyo haifanyiki kwa spana za kuazima. Zana za Verlin zilikuwa gerejini kwa Royce. Kila fundi pale alikuwa na zana zake mwenyewe, ndani ya kabati la chuma lenye magurudumu. La Verlin lilimfikia kifuani, alikuwa amelijaza droo kwa droo kwa miaka ishirini. Watu wa kazi ile hawaandiki kwamba wanaacha. Fundi akilisukuma kabati lake hadi nje ya mlango, ameondoka, na nafasi yake si yake tena.

Alienda na tela aliloazima kwa jirani, limefungwa nyuma ya gari lao. Royce alimwona kupitia dirishani akatoka mbio.

"Huna haja ya kulitoa," alisema. "Ilete vani hapa. Tumia gereji Jumapili, baada ya ibada, sikutozi hata senti."

Ilikuwa ni fadhila ya kweli, na Verlin aliijua hivyo. Aliuliza atatakiwa afanye nini.

Royce alitazama ua. "Mpango unafungwa Jumatatu. Bado yapo manne pale. Dell anaumwa mgongo. Malizia hayo manne, Jumanne unarudi kazini kama kawaida, na sisi wawili hatukugombana."

Verlin aliyatazama yale manne. La mwisho lilikuwa na kiti cha mtoto ambacho mwenyewe alisahau kukitoa. Alifikiri mambo mengi kwa wakati mmoja, mshahara wa Ijumaa, bima ya matibabu, uso wa Nadine. Kisha akafungua breki za magurudumu, akaanza kulisukuma kabati.

Lilipiga kelele juu ya sakafu, na kelele ile kila fundi aliijua. Spana zikanyamaza. Mmoja mmoja walikuja, Dell naye na mgongo wake, wakashika kabati kulipandisha telani. Lilikuwa zito mno. Upande mmoja ukaanza kushuka, ndipo Royce Hammel, na shati lake jeupe la ofisini, akaingiza bega chini ya pembe ile, akasukuma pamoja nao mpaka likapanda.

"Nafasi yako nitampa mtu mwingine," alisema, akihema. "Si kwa ubaya."

"Najua, bosi."

"Nikisema nchi imechanganyikiwa, namaanisha."

"Najua hilo pia," Verlin alisema, akafunga kamba.

Kelsey alifanya kazi pamoja naye tangu siku ya kwanza. Mwanzoni Verlin alimtaka ashike tochi tu. Siku ya tatu alimwacha afungue plagi, na ilipofika Jumamosi alikuwa na vidole vilivyochubuka na kucha nyeusi ambazo sabuni ilishindwa kuzitoa. Walifanya kazi bandani kwa Bi Opal, mlango wazi, mahindi ya jirani yakiwa yamefika kimo cha paa. Walibishana mchana kutwa, sauti moja ikitoka chini ya gari, nyingine juu ya boneti. Kelsey hakuwa amebadilika. Bado aliamini hewa inachafuka, na bado aliona kwamba rais yule alirithi nyumba inayoungua.

"Alikusudia mema, baba. Hata wewe unajua."

"Sijasema hakukusudia mema," sauti ya chini ilijibu. "Nimesema hakuuliza. Mtu akija kuniokoa, kwanza aniulize nina nini, asije akanivunjia kile kile ninachojiokolea." Mkono mweusi ukajitokeza. "Nipe kumi na tatu."

Kelsey akampa spana namba kumi na tatu. Baada ya kitambo akasema kwamba ni kweli hakuuliza. Akasema pia kwamba yule aliyepiga kelele ukumbini naye hakuuliza. Verlin, chini ya gari, alikubali.

Vani iliwaka Jumapili jioni. Haikunguruma vizuri kama pikapu, na ikisimama ilitikisika.

Asubuhi ya kwanza ya wodini walitoka wote barazani kungali na kijivujivu. Nadine alikuwa na sare yake ya jikoni. Kelsey alikuwa na ya kwake, nyeupe, iliyopigwa pasi mara mbili. Mama yake alimpa mkate uliofungwa, baba yake alimweleza mambo ambayo alikuwa ameshamweleza, na Kelsey akaitikia yote, akapanda, akaondoka.

Mwisho wa barabara yao, pale inapokutana na barabara kuu, kulikuwa na alama ya kusimama. Vani ilisimama, ikatikisika, ikazimika.

Waliisikia ikijaribiwa. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Gari jipya jeupe lilifika nyuma yake, likapiga honi, likapiga tena, kisha likaipita kwa hasira na kupotea. Verlin alikuwa ameshashuka ngazi, mkono mfukoni kutafuta funguo, Nadine alipomshika shati kwa nyuma.

"Subiri."

"Atachelewa."

"Verlin, subiri kwanza."

Kule mbali mlango wa vani ulifunguka. Kelsey alishuka. Hakutazama nyumbani. Alikunja mikono ya sare, akafungua boneti, akaiegemeza, akainama ndani mpaka wakawa wanaona mgongo wake tu. Kutoka barazani hawakuweza kujua anagusa nini. Verlin alitaja vitu viwili vitatu kwa sauti ya chini, kana kwamba angemsikia. Nadine hakuliachia shati.

Boneti ilifungwa kwa kishindo kilichowafikia baadaye kidogo. Kelsey alipanda. Vani ikakohoa, ikawaka, ikatoa moshi, na taa ya kuonyesha inapokata ikawaka upande wa kushoto, upande wa Fort Lamar. Ikakata kona. Waliisikia ikibadilisha gia nyuma ya mahindi, halafu tena, mbali zaidi.

"Amepata doa mkononi," Nadine alisema. "Nimeliona hadi hapa. Watamsema siku ya kwanza."

"Watamsema akiwa wodini," Verlin alijibu.

Nadine aliliachia shati, akalinyoosha pale alipolikunja. Akamwambia alete gari, maana na yeye ana watoto mia tatu wanaosubiri uji.